Kwa Nini Sivile Alipona

Mtu akikuambia kwamba mwaka ule wa vita Bunia haikubaki na shule, mwambie hajafika kwa Mama Kaswera. Majengo yaliporwa mpaka misumari, ni kweli, lakini benchi moja la darasa la tatu, lenye tundu la wino na majina ya watoto yaliyochongwa kwa wembe, lilikimbia vita kama watu wengine. Lilipokimbilia ni mbele ya ligablo lake, kibanda cha mbao alichouzia sabuni, chumvi na kahawa ya tangawizi, hatua chache kutoka kwenye uzio wa hema jeupe la dawa. Kila asubuhi, bunduki zikipumzika, wanaume watatu wazima walijibana juu ya benchi hilo, magoti yakigonga ubao, wakafundishana masomo ambayo hakuna mwalimu aliyewahi kuyaandika ubaoni. Hapo serikali tatu ziliwahi kuangushwa kwa termo moja ya kahawa. Na hapo, mwezi wa nane mwaka 2003, ilisikilizwa kesi ya tumbo la Balansi, na mahakama zote kutoka Kinshasa mpaka Brisele zingeisikiliza vibaya zaidi.

Jina lake la ubatizo lilikuwa Firmin. Balansi ni kwa sababu ya mizani ndogo ya shaba aliyotembea nayo mfukoni, ya kupimia dhahabu. Alianza machimboni akisaga mawe kwenye kinu cha chuma, akapanda mpaka akawa mnunuzi, na kwa miaka ishirini mchimbaji hakuweza kumletea shaba akaiita dhahabu. Vita vilipofunga barabara ya machimbo, mizani ikakosa kazi, mwenyewe akabaki anapima mambo ya watu.

Asubuhi hiyo alikuwa anapima kikombe cha Sivile.

Kilikuwa kikombe cha kahawa nyeusi, na juu yake Sivile alinyunyiza pilipili ya unga. Akakoroga. Akanywa kwa mlio. Akafumba macho. Balansi, mwenye kikombe cha maji ya moto matupu, aliona kila fundo likishuka kwenye koo la mwenzake kama mtu anayeona redio yake iliyoibwa ikiimba kwa jirani.

— Sivile, akasema, sasa weye unatia pilipili mu kahawa?

— Yaya Balansi, kaka yangu, tumbo iko nafurahi! Majuma tatu haijaniamsha hata mara moja.

— Mbele ya dawa ulikuwa unalia kama mbuzi ya Noeli.

— Mbele njo mbele, Yaya. Mama Kaswera, ongeza.

Huyu Sivile alikuwa Isidore, dereva wa lori asiye na lori, mzaliwa wa Komanda. Zamani wote walimwita Komanda, kwa mji wake. Mpaka siku moja kwenye bariere, kizuizi cha askari barabarani, rafiki alimwita kwa sauti, "Komanda, ningojee!", na askari saba wakageuza mitutu wakitaka kujua ni komanda wa kundi gani. Alirudi amekojoa. Benchi lilipiga kura siku hiyo hiyo, na tangu hapo akawa Sivile, yaani raia asiye na bunduki.

Sasa sikia kilichomchoma Balansi, maana hakikuwa kidonda cha tumbo peke yake. Ugonjwa ulikuwa mmoja: tumbo linalowaka, uchungu unaopanda mpaka kooni. Waliupata mwaka mmoja, wakaenda kwenye hema juma moja, wakapewa dawa moja, jelule, vile vidonge vya mirija miwili iliyofumbatana, nusu nyekundu nusu nyeupe. Na mkono uliowapa wote wawili ulikuwa mmoja. Ulikuwa mkono wa Domitille, Mama Vicky, mke wa Balansi, aliyepata kazi ya kugawa dawa pale hemani.

Sivile akapona. Balansi akabaki na maji ya moto.

Na alikuwa ameona kitu. Siku Sivile alipopewa pakiti yake, Balansi alikuwa kwenye uzio. Alimwona mke wake akimweleza Sivile, akieleza tena, akigusa koo lake mwenyewe kwa kidole, polepole, kuanzia kidevuni mpaka kifuani. Sivile akacheka. Mke akacheka. Mambo gani hayo ya koo, na mwanaume asiye wako?

Kwa hiyo jana jioni alimwambia Domitille: lori la parokia linaondoka kesho saa sita mchana kwenda Mahagi. Fungasha, urudi kwa mama yako. Mtoto wao Vicky alikuwa huko tayari tangu mapigano ya mwezi wa tano. Domitille alikunja kitenge kimoja, akakunja cha pili. Balansi alitaka atetewe au atukanwe, akapata mgongo wa mtu anayekunja vitenge.

Sasa ilikuwa saa nne. Kabla ya saa sita alitaka kitu kimoja tu: benchi limwambie kwamba amefanya vizuri.

— Batu bangu, akasema, akiweka mikono juu ya ubao. Mu ile hema kuko jelule namna mbili. Moja ya kuponesha, moja ya kudanganya. Sivile alipata ya kuponesha.

— Nani alimupatia? akauliza wa tatu wao, na alijua vizuri sana.

Huyo alikuwa Abdoul, muuza betri. Aliitwa Redio kwa sababu alikuwa nayo, na kwa sababu habari zake zilitangulia matukio yenyewe.

— Weye unajua ni nani, Balansi akasema.

Mama Kaswera akaacha kufuta vikombe.

— Papa Vicky, chunga mudomo. Mama Vicky iko mutu ya Mungu.

— Hata mutu ya Mungu iko na macho.

Sivile akashusha kikombe.

— Yaya, ni miye unasemea? Nilikuwa numero karante-de, arobaini na mbili, mu mustari. Mbele yangu karante-en, mama ya kuharisha. Nyuma yangu karante-trwa, muzee ya kukohoa. Mu katikati ya bale batu bote, mapendo ingesimama wapi?

— Mapendo haiulizake numero.

— Ngojeni, Redio akasema, akainua kidole kama anatafuta steshoni. Yaya, ile jelule ulishafunguaka?

— Nilifungua.

— Ndani kuko nini?

— Tubule, tupunje tudogo. Tweupe. Sawa vile bulo, ulezi ya uji, lakini ya muviringo kabisa.

— Mayai! Redio akapiga ubao. Nilijua. Ile ni mayai ya kadudu ya Bulaya. Inaanguliwa mu tumbo, inakula kidonda, ikishiba inakufa. Ya Sivile ilikuwa mayai ya kuku mwenye iko na jogoo. Ya Balansi, bila jogoo.

— Sasa mi niko na bifaranga ndani? Sivile akashika tumbo lake.

— Bilishakufa. Kunywa kahawa yako.

— Bongo! Unadanganya, Sivile akasema. Mi nafikiri ni basoda, baaskari. Jelule ni lori, na ndani basoda bamepangwa, kila mutu na kofia yake ya chuma. Unaona vile tule tubule iko natereza? Ni kofia.

— Kofia ya nani? Redio akauliza. Basoda ya nani? Tangu lini basoda inaingia pahali na pahali panapona?

Lilikuwa swali la kweli. Lakini Redio hakuwa mtu wa kuacha hewa tupu.

— Basi ni turedio. Kila kabule ni karedio. Munaonaka ile ndege nyeupe inapita saa tatu? Haitafutake bunduki, iko nasikiliza matumbo. Tumbo yenye inajibu, banaitumia nguvu. Tumbo ya Balansi haikujibu.

— Juu ya nini haikujibu? Balansi akauliza.

— Labda iko na kiburi kama mwenyewe.

Mama Kaswera akacheka mpaka termo ikatikisika. Balansi hakucheka. Wivu ulikuwa umemwandalia nadharia yake mwenyewe, na aliitoa kama mtu anayetoa jiwe zito mfukoni.

— Minawaambia mambo ilivyo. Mama Vicky anakaaka na zile jelule saa nane kila siku. Anachagua. Anafungua moja, anafungua ingine, anaokota tubule tuzuri, tule tuzito, kamoja kamoja na kucha, anaweka mu ya mutu mwenye anamupenda. Mabaki, makapi, analetea bwana yake.

Hata Redio alimtazama kwa heshima, kama fundi anavyomtazama fundi aliyemzidi.

— Yaya, Sivile akasema taratibu, hiyo ni kazi ya kuokota mawe mu muchele. Na mustari ya batu mia mbili inangoja?

— Unaogopa? Toa yako. Mi niko na yangu ya mwisho hapa. Tuone.

Akatoa mizani yake. Akaifuta kwa shati, akaipachika kwenye tundu la wino kama alivyofanya mara mia, na watu wawili waliokuwa wakipita kwenda hemani wakasimama. Mmoja wao alikuwa mama mwenye karai kichwani, mkimbizi, na vumbi la njia bado lilikuwa miguuni pake.

Sivile akatoa pakiti yake mfukoni mwa shati. Jelule ya Sivile ikalala kwenye sahani moja, ya Balansi kwenye nyingine. Mti wa mizani ukayumba. Ukayumba tena. Ukasimama sawa kama mstari wa seremala.

Kwa miaka ishirini Balansi alikuwa ameapa kwa jina la mizani hiyo mbele ya wachimbaji waliotaka kumpiga. Leo alitamani kuitupa mtaroni.

— Sawasawa, Mama Kaswera akasema.

— Uzito si kitu, Balansi akajibu haraka. Hata shaba iko na uzito. Zahabu tunaipimaka na asidi.

— Asidi yako iko wapi? Redio akauliza.

— Basoda balichukua chupa. Balifikiri ni waragi.

— Balikunywa?

— Moja alinusa. Alikimbia miguu tupu, akaacha bota. Mama Kaswera, leta ndimu. Ndimu pia ni asidi.

Ndimu ikakatwa. Maji yake yakakamuliwa kwenye vifuniko viwili vya chupa. Balansi akafungua jelule ya Sivile, akamimina vipunje vyake kwenye kifuniko cha kwanza. Akafungua yake, akamimina nusu kwenye kifuniko cha pili, nusu nyingine akaibakiza kwenye mrija wake. Vichwa sita vikasogea karibu na ubao. Katika moyo wake Balansi alikuwa ameshaona jinsi itakavyokuwa: vya Sivile vitayeyuka kama sukari, dawa ya kweli, vyake vitabaki kama mchanga, na benchi zima litasema, Balansi, pole.

Wakangoja. Sivile akamaliza kahawa yake. Redio akatafuta habari, akapata matangazo ya sabuni.

Vipunje vya kifuniko cha kwanza vilikaa kama vilivyokaa, vyeupe, vya mviringo. Vya kifuniko cha pili hivyo hivyo. Hata kimoja hakikulainika.

— Hazifai! Redio akashangilia. Yote mbili ni feki!

— Sasa mi nilipona na nini? Sivile akauliza.

— Na ujinga. Ujinga iko dawa kubwa.

— Namna moja, Mama Kaswera akasema, na hakuwa anacheka tena. Papa Vicky, uzito moja, ndimu moja. Dawa ni namna moja. Unasema nini sasa?

Balansi alitazama jua. Kivuli cha ligablo kilikuwa kimefika kwenye mguu wa benchi, yaani saa sita ilikuwa karibu. Kama dawa ni moja, basi tofauti iko kwake. Labda tumbo lake ni baya. Labda ni mwenyewe aliye mbaya. Au labda Domitille alimpulizia Sivile maneno, nani anajua, maneno hayana uzito, hayayeyuki kwenye ndimu...

Yule mama mwenye karai akashusha mzigo wake. Jina lake Pétronille, na alikuwa ametoka Kpandroma kwa miguu. Alitaka kuomba maji ya moto tu.

— Samahani ba papa, akasema. Munaimezaka aje?

— Nani? Sivile akasema. Miye? Nzima. Na maji. Kinywa inafunguka, inafungwa, imekwisha.

— Na weye, papa?

— Miye minasaga, Balansi akasema.

— Unasaga?

— Mu kinu yangu ya chuma. Mpaka inakuwa unga. Alijiweka sawa, maana hapo alikuwa kwenye kazi yake. Mama, mi nimetoka mu machimbo. Kitu ya maana inakaaka ndani ya jiwe. Usipovunja jiwe, utabaki unabeba jiwe. Sivile anameza na ganda yake kama bata. Miye ninatoa dawa inje, inafanya kazi mbio.

Na ili wamwone, akamimina ile nusu iliyobaki juu ya ubao, akaisaga kwa sehemu ya nyuma ya kijiko, kwa ule mzunguko wa mkono ambao watu wa machimbo wanaujua. Unga ukatoka mweupe, mzuri. Akaukusanya, akautia kwenye kifuniko cha tatu, akakamulia ndimu.

— Ona. Hii inayeyuka!

Iliyeyuka kweli. Kisha ikaanza kugeuka. Kwanza rangi ya chai hafifu. Kisha nyekundu chafu. Kisha, wakiwa wote wametoa macho, ikawa nyeusinyeusi, zambarau ya kidonda kilichosahauliwa, na Redio, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hakuwa na habari.

Kwenye vifuniko vingine viwili vipunje vizima vilikuwa vimekaa ndani ya ndimu ile ile, vyeupe kama asubuhi.

— Ee Mungu, Sivile akasema pole sana. Yaya. Mu tumbo kuko asidi. Ile ya kupanda mu koo. Weye ulishusha mizigo kwenye bariere. Banapora yote pale pale. Mi nilipita na turubai yangu imefungwa.

Balansi alikuwa anatazama vipunje vizima. Ni yeye aliyewaambia wachimbaji, siku zote, kwa kidole kilichoinuliwa: kitu ambacho asidi haikili ndicho kitu chenyewe. Miaka ishirini. Na leo amekiona kitu chenyewe mbele ya macho yake, akakiita feki kwa sababu kilikuwa pia mfukoni mwa Sivile.

Pétronille alichota maji yake ya moto. Akainua karai. Halafu akageuka, si kwa ubaya, kama mtu anayeuliza njia.

— Na mama mwenye alikupatia, alikuambia umeze aje?

Sivile akatazama viatu vyake. Redio akaizima redio. Mama Kaswera akainamisha termo juu ya kikombe cha mteja, na halikutoka hata tone.

Balansi hakujua. Alikumbuka jioni ile, pakiti juu ya meza, na Domitille akianza, "Papa Vicky, hii dawa..." na yeye akimkata: "Miaka ishirini nasaga mawe, na muke atanifundisha kusaga?" Alikumbuka kwamba Domitille hakuwa ametaja kusaga hata kidogo. Alikumbuka kidole cha mkewe kikipanda kwenye kidevu, kikianza kushuka polepole kwenye koo, mwendo ule ule aliomwonyesha Sivile. Na alikumbuka kwamba yeye alikuwa ameshatoka nje.

Kutoka upande wa parokia honi ya lori ililia mara moja, ndefu.

Alisimama akagonga ubao kwa magoti yote mawili, ndimu zikamwagika. Sivile akamshika mkono.

— Yaya, chukua hizi. Mi nimeshapona.

Ilikuwa pakiti yake, iliyobaki na jelule tano. Hakuna kitu ambacho Balansi angependa kukitupa zaidi ya hicho. Aliipokea. Akakimbia akiwa ameishika juu, mbali na kifua, kama mtu aliyeshika yai la moto.

Lori lilikuwa linanguruma. Juu ya magunia walikaa wanawake na watoto, na katikati yao Domitille, mfuko wake magotini, uso kuelekea mbele. Hakumtazama. Balansi alisimama chini, mwenye pumzi ya mtu wa miaka yake na tumbo linalowaka moto. Alikuwa ametayarisha maneno njiani, maneno mengi, yenye kichwa na mkia, na yote yaliishia kwenye vumbi la parokia.

Akainua pakiti.

— Mama Vicky. Hii... inamezwaka aje?

Wanawake wa juu wakageuza vichwa. Dereva akakanyaga gesi, akaachia, akakanyaga. Domitille akamtazama mumewe kwa muda mrefu, akatazama pakiti, akaona pembe iliyokunjwa kwa namna anavyozikunja yeye kwa wagonjwa wa mstari.

— Hiyo si yako, akasema.

— Ni ya Sivile.

— Na yako?

— Nilisaga.

— Zote?

— Zote.

Akafunga macho kidogo. Kisha akasimama juu ya magunia, akainua mfuko wake kwa mikono miwili, akauachia. Ulikuwa mfuko mzito, wenye vitenge vilivyokunjwa vizuri, na ulimpata Balansi mahali pale pale pa kidonda, akakaa chini kwenye vumbi, mfuko mikononi, pakiti kati ya meno.

Domitille akashuka kwa gurudumu, polepole, akijishikilia.

— Ya kwanza, akasema alipofika chini, unafunga mudomo.